Kuongeza Nyumba ya Mawe

Mwenye kurithi nyumba ya mawe katika mji wa kale, iwe ni Mkomani huko Lamu au Shangani katika Mji Mkongwe wa Unguja, aghalabu hurithi pamoja nayo swali ambalo wazee wake hawakumwachia jawabu lake: aila imezidi, vijana wameoa, maji yanatakiwa yapande mpaka orofa ya juu, jiko la kuni limekwisha wakati wake, na nyumba yenyewe, kwa jinsi ilivyo, haitoshi. Kuihama hataki, kwa kuwa humo ndimo walimozaliwa waliomzaa. Kuivunja hawezi, kwa kuwa sheria inakataza na moyo pia unakataza. Basi hubaki na njia ya tatu, nayo ni kuiongeza. Hapo ndipo wanapojitokeza washauri wa aina mbili. Wa kwanza husema kwamba kipya lazima kifanane na cha kale hata mgeni asitambue mpaka uko wapi, dirisha kwa dirisha, kidaka kwa kidaka, nakshi kwa nakshi. Wa pili huona kufanana huko ni uongo uliopakwa chokaa, na hutaka kila zama ijitaje yenyewe, kwa kioo, kwa chuma na kwa zege lisilofunikwa. Kwa maoni yangu ikhtilafu hiyo, ingawa kila upande una hoja, imeanzia mahali pasipo pake, kwa sababu inaanzia usoni mwa nyumba, ilhali nyumba ya mawe ya pwani huishi au hufa kwa mambo yaliyofichika ndani ya kuta na sakafu zake, na katika mwenendo wa watu wanaolala humo. Na mjenzi atakayeyatii hayo ana ruhusa ya kuwa wa kisasa kadiri apendavyo.

Yafaa tuondoe kwanza dhana kwamba nyumba hizi zilizaliwa kamili, zikakaa hivyo hivyo mpaka zikatufikia sisi tuliokuja kuzitia mikono. Nyumba ya Lamu ilipangwa kwa taratibu inayojulikana: mtu huingia kupitia daka, ukumbi mdogo wa mlangoni, ambapo mwenye nyumba huweza kukaa na wageni pasipo kuwaingiza ndani, akapita tekani penye kona inayozuia jicho la mpita njia, akatokea kiwandani palipo wazi juu, kisha msana wa tini, kisha msana wa yuu, hatimaye ndani, penye vidaka vilivyochongwa ukutani, na sakafu huinuka kidogo kila aingiapo mbele zaidi, kana kwamba heshima ya mahali hupimwa kwa nyayo. Walakini taratibu hiyo haikuwa kifungo. Binti alipoposwa, babake, kama ana uwezo, alimjengea orofa juu ya nyumba ile ile au nyumba ya pili ubavuni, na pale ambapo njia ya watu ilizitenga nyumba mbili za jamaa wamoja, alirusha wikio juu ya njia, ili wanawake watembeleane pasipo kushuka barabarani. Nyingi katika nyumba tuzisifuzo leo kwa umoja wa sura yake ni nyongeza juu ya nyongeza, na aliyezaliwa orofa ya juu huenda alikuwa kitukuu wa aliyechimba msingi. Basi kuongeza si bidaa. Bidaa ni kuongeza bila ya kipimo.

Na kipimo chenyewe kilitoka mwituni, tena mwitu wa baharini. Boriti za mkoko, ngumu na nzito, zisizoliwa upesi na mchwa, hustahimili sakafu ya mawe na chokaa kwa upana wa kiasi cha mita 2.5 mpaka 3, wala hazizidi hapo ila kwa hatari; ndiyo sababu chumba cha nyumba ya mawe huwa chembamba na kirefu, kwa tajiri na kwa mwenye hali ya kati. Tafauti ya mali ilionekana kwa urefu wa misana, kwa wingi wa vidaka, kwa niru iliyosuguliwa mpaka ikang'aa, lakini haikuonekana kwa upana. Sasa mwenye nyumba wa zama zetu huja na sebule yake ya mita 6 kichwani, aliyoiona katika nyumba za Nairobi au Dubai, na jambo la kwanza analomwamuru fundi ni kuutoboa ukuta baina ya msana na msana ili iwe chumba kimoja. Ukuta ule si kiambaza cha kutenga watu. Umebeba boriti kutoka pande mbili na pengine orofa nzima juu yake. Kuutoboa na kuutegemeza kwa boriti moja ya chuma huwezekana, na wahandisi huweza kuifanya hesabu, lakini nyumba inabaki na jeraha ambalo halikuwa la lazima, kwa sababu chumba kipana kingeweza kujengwa katika sehemu mpya, ambayo chuma au zege lake lipo kwa kazi hiyo hiyo, nayo misana ikaachwa iwe vyumba vya kulala, vya kusomea na vya kupokelea jamaa, kazi ambazo wembamba wake hauzidhuru bilkuli.

Fauka ya hayo, kipimo cha boriti chaweza kumfaa mchora ramani kwa namna isiyodhihiri mara moja. Akizipanga nguzo na madirisha ya sehemu mpya kwa nafasi ile ile ya mita 2.5 mpaka 3, nyumba mbili zitakuwa na mwendo mmoja, hata ikiwa ya pili ni ya chuma na kioo kitupu. Na jicho, ambalo hupima kabla ya kusoma, litaona ujamaa pasipo kuigwa nakshi hata moja.

Wanaodhani kwamba wazee wetu waliogopa upya wangetazama tu ukingo wa bahari wa Unguja. Sultani Sayyid Barghash alipoijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, hakuiga nyumba ya babu yake: alitumia nguzo za chuma kuzunguka jengo, akapata roshani pana ambazo boriti za mkoko zisingeweza kuzibeba, na watu wakaiita nyumba ya maajabu kwa haki yake. Kisha yakaja mapigano ya tarehe 27 Agosti 1896, mizinga ya manowari za Kiingereza ikaiharibu Beit al-Hukm iliyokuwa jirani pamoja na mnara uliosimama mbele, na katika matengenezo yaliyofuata mnara wa saa ukaunganishwa na uso wa Beit al-Ajaib yenyewe. Kwa kanuni za leo nyongeza ile ingejadiliwa miaka. Hata hivyo kizazi baada ya kizazi cha watu wa Unguja hakikuijua nyumba hiyo bila ya mnara wake, mpaka sehemu kubwa ya jengo ilipoanguka tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiendelea, wakafa watu wawili. Nyongeza yaweza kuwa uso wa nyumba. Lakini mchanganyiko wa chuma na mawe ya matumbawe, kando ya bahari, hutaka uangalizi wa kila mwaka na si wa kila kizazi, kwa maana chuma kikipata kutu hufura, na kikifura hulipasua jiwe lililokikumbatia.

Lililo zito kuliko yote, nami nitalikalia kidogo, ni maji. Ukuta wa nyumba hizi, wenye unene wa kiasi cha nusu mita, umefanywa kwa vipande vya mawe ya matumbawe vilivyolazwa ndani ya chokaa, na mna humo matundu madogo yasiyo idadi. Ukuta huo hunywa. Hunywa maji ya ardhini wakati wa masika, hunywa unyevu wa pepo za bahari pamoja na chumvi yake, na maadamu umepakwa chokaa huyatoa tena jua likipiga, taratibu, bila ya dhara kubwa. Waashi wa zamani hawakuwa na maabara, lakini hilo walilijua: walipanga magogo, wakarundika matumbawe juu yake, wakachoma, wakaizima chokaa kwa maji na kuiacha ikae miezi kabla haijaguswa na mwiko. Saruji ikaja na haraka yake, ikaonekana ni nguvu, na kweli ni nguvu pale panapotakiwa nguvu. Ila ukipiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe umeufunga mdomo. Maji yaliyomo hayatoki. Hupanda juu kutafuta upenyo, chumvi huganda nyuma ya lipu na kuila ngozi ya jiwe, nazo ncha za boriti zilizochomekwa ukutani, ambazo hakuna azionaye, hukaa katika unyevu usiokauka mpaka zioze. Nyumba hiyo hupendeza mwanzoni kuliko jirani zake. Baadaye huota mabaka. Mwenyewe huita fundi, fundi huongeza saruji.

Nyongeza mpya huingia katika mambo haya kwa mlango ambao waandishi wa adabu huona haya kuutaja, yaani choo. Katika nyumba ya kale choo kiliwekwa pembeni penye ukuta wa nje, na maji yake yalikuwa machache, ya birika na kata, yaliyochotwa kwa mkono. Na mkono huchoka, basi maji hayakuzidi. Leo nyumba iliyogeuzwa ya wageni hutaka bafu kwa kila chumba. Tangi la lita 1,000 linalowekwa juu ya paa huelemea kuta kwa tani nzima likijaa, mabomba huchimbiwa njia ndani ya ukuta, na bomba likipasuka katikati ya mawe hakuna ajuaye mpaka dari ya chini ipige weusi. Nimeona nyumba nyingi zikisifiwa kwa milango yake zilizokuwa zikiliwa na mabafu yake. Kwa hiyo, kama ningeulizwa sehemu mpya ijengwe kwa madhumuni gani, ningesema, kabla ya sebule na kabla ya madirisha ya kutazamia bahari, ijengwe iwe mahali pa maji: majiko, mabafu, matangi, mabomba na mashine za kufulia vyote vihamie huko, katika jengo jembamba la orofa mbili au tatu nyuma ya ua, lenye zege na vigae na matundu ya kufikia kila bomba, na nyumba ya kale irudishiwe ukavu wake. Huo ni usasa unaoitumikia nyumba ya kale, na haujali sana kama uso wake ni wa chokaa au wa mbao.

Pale nyumba mbili zinapokutana ndipo akili ya mjenzi hupimwa. Misingi ya nyumba ya mawe aghalabu ni mifupi, nayo imekwisha kukaa. Imezama ilipotaka kuzama, na nyufa zake za ujana zimezibwa zamani. Jengo jipya bado halijakaa, litazama kidogo katika miaka yake ya kwanza, na likifungwa kwa nondo katika ukuta wa kale litauvuta pamoja nalo. Basi jipya na lisimame kwa miguu yake, kwa msingi wake na nguzo zake, wala msingi huo usichimbwe ubavuni mwa ukuta wa kale kwa kina kinachouzidi, kwa maana udongo ukitolewa chini ya ukuta wa matumbawe haurudishwi kwa radhi. Baina ya majengo mawili iachwe nafasi, na juu ya nafasi hiyo ipite njia nyepesi, ya mbao au chuma chepesi, yenye paa linaloweza kusogea kidogo bila ya kuvuja. Kiungo hicho kipite mahali palipokuwa na mlango au dirisha tangu zamani, ili ukuta wa kale usitobolewe upya. Msafiri aliyepita chini ya wikio za Lamu ataona kwamba fikra si ngeni kwetu, ijapokuwa wikio ni nzito na kiungo chetu chapasa kuwa chepesi.

Juu ya paa kuna jaribu jingine. Kiwanja cha mji wa kale hakina nafasi ya kutanuka, hivyo kila mmoja hutazama juu; na huko juu wazee walikwisha kutoa mfano, kwani orofa ya juu kabisa huko Lamu aghalabu ilikuwa ya makuti, nyepesi, yenye upepo, mahali pa kupikia na kulala wakati wa joto. Makuti yana hatari ya moto, na sitakulaumu ukitumia mbao na paa la namna nyingine. Lakini orofa ya zege juu ya kuta za matumbawe ni mzigo ambao waliozijenga hawakuuhesabu, na madhara yake hayaishii kwa mwenye nyumba, kwa kuwa kuta nyingi ni za shirika baina ya majirani.

Na jirani ana haki nyingine iliyo kubwa kuliko ukuta. Mji wa mawe umejengwa juu ya sitara: kila kiwanda, kila behewa, kila paa lina watu wasiopaswa kuonekana na wasiowahusu, wanaoanika nguo, wanaosuka nywele, wanaokaa bila ya buibui. Dirisha pana la kioo, ambalo kwa mchora ramani wa ugenini ni mwanga na mandhari, kwa nyumba ya tatu kutoka hapo ni jicho lisilofumba. Mtu aweza kuijenga nyongeza yake kwa mawe yale yale na chokaa ile ile, akaweka mlango wa nakshi, akasifiwa na watalii, na bado akawa ameuvunja mji kwa sababu amewafungia majirani zake ndani mchana kutwa. Dawa zake zinajulikana: ukuta wa ukingo unaozidi kimo cha mtu aliyekaa, madirisha ya luva, vyumba vinavyoelekea ua wake mwenyewe, na mwanga uingie kutoka juu. Zote ni za kisasa kwa atakaye ziwe hivyo.

Mfano uliotangaa sana wa nyongeza kubwa ni Mambo Msiige, jumba la pwani ya Shangani la katikati ya karne ya 19, ambalo mapokeo husema chokaa yake ilichanganywa na mayai mengi mno, na ambalo baadaye ubalozi mdogo wa Uingereza ulikaa humo. Jumba hilo likafanywa hoteli pamoja na jengo jipya ubavuni, ikafunguliwa mwaka 2015, na Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ikaeleza wasiwasi wake juu ya ukubwa wa jengo jipya na athari yake kwa sura ya mji upande wa bahari. Katika mijadala iliyofuata wengi walibishana juu ya matao na rangi. Naona walikuwa wakibishana juu ya kilemba, na tatizo liko katika mwili: nyongeza inayolizidi kwa wingi lile inaloliongeza imeligeuza la kale kuwa ukumbi wake wa kuingilia, hata ikiwa kila tao lake limechongwa kwa insafu.

Turudi basi kwa washauri wetu wawili, maana sasa twaweza kuwapima. Wapendao tafauti hushika Mkataba wa Venice wa 1964 juu ya uhifadhi wa majengo ya kale, ambao katika kifungu chake cha 9 unataka kazi mpya iliyo ya lazima itambulikane na ibebe alama ya wakati wake. Nao husahau kifungu cha 13 cha mkataba huo huo, kisemacho kwamba nyongeza haziruhusiwi ila zile zisizopunguza sehemu bora za jengo, mazingira yake ya jadi, mizani ya umbo lake na uhusiano wake na yaliyolizunguka. Kifungu hiki cha 13 ni kikali kuliko kile cha 9. Kwa upande mwingine, wapendao kufanana hutuletea vidaka vya saruji vilivyomiminwa katika kalibu, na boriti bandia zilizopakwa rangi chini ya dari ya zege, ambazo hazibebi kitu. Na hapo mimi huelekea kwa wale wa kwanza, kwa sababu kidaka cha kweli ni akili ya ukuta mnene, na kukibandika juu ya tofali jembamba ni kumvisha mtoto kanzu ya babu yake. Pengine njia iliyo bora ni kuacha mapambo yote kwa nyumba ya kale, ambayo inayo ya kutosha, na kuifanya mpya iwe ya rangi tulivu, ya kuta nyeupe na mbao, ya kivuli kingi, isiyoshindania kusifiwa.

Idhini ni jambo la lazima na la kuchosha. Mji Mkongwe wa Unguja una mamlaka yake ya uhifadhi na uendelezaji tangu 1985, nao uliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Lamu iliandikwa mwaka uliofuata, na Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya 2006. Lakini mara nyingi kinachokwamisha kazi hakitoki serikalini. Nyumba ni ya warithi kumi na wanne walioenea Muscat, Mombasa na Toronto, kila mmoja na sehemu yake na hakuna mwenye neno la mwisho. Au ni wakfu, na mtumiaji wake hana mamlaka ya kuigeuza apendavyo. Aanzaye kuchora kabla ya kumaliza shauri hilo anachora juu ya mchanga.

Vifaa navyo vina habari yake. Serikali ya Kenya iliposimamisha ukataji wa miti ya misitu ya umma mwaka 2018, wakataji wa mikoko wa Lamu waliguswa, na wajenzi wakaona wazi jinsi kazi yao inavyotegemea mwitu ambao nao una haki ya kuishi. Hapa nyongeza ya kisasa ina faida isiyosemwa: ikijengwa kwa chuma, kwa zege au kwa mbao za kupandwa, boriti chache zinazopatikana kwa halali zitabaki kwa ajili ya kubadilisha zilizooza katika nyumba ya kale, ambako hakuna kitu kingine kinachofaa sawasawa nazo. Hali kadhalika chokaa, na fundi ajuaye kuizima na kuisubiri. Mafundi wachache waliobaki wasipotezwe kwa kupaka jengo jipya lisilowahitaji.

Na fedha za kwanza ziende juu ya paa la kale. Nasema hivi kwa kuwa desturi imekuwa kinyume: mwenye nyumba huanza na msingi wa sehemu mpya, kwa sababu ndiyo inayompa furaha na ndiyo ambayo benki itaikopeshea, ilhali dari ya orofa ya juu inavuja kwa mwaka wa tano, sehemu mpya ikimalizika fedha zimekwisha, aila huhamia huko penye bafu na umeme, na nyumba ya mawe, ambayo kwa ajili yake mchoro ulichorwa na idhini ikaombwa, hufungwa kufuli na kufanywa ghala. Mamlaka zinazotoa idhini zingeweza kulizuia hilo kwa sharti moja jepesi la kukagua: lisimwagwe zege la msingi mpya kabla paa la kale halijazibwa na boriti zake zilizooza kutolewa.